Msanii uliyempenda akikutia simanzi nje ya jukwaa, nyimbo zake unazisikilizaje?

Msikilizaji wa Moro (mwenye swali)

Wanajukwaa, salaam. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu mwezi wa Machi, ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo.

Mimi ni mwenyeji wa Morogoro, mji ambao kwa wapenzi wa dansi hauhitaji utambulisho, kwa kuwa ndiko zilikokuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na kwa jinsi wazee wetu walivyotusimulia, mashabiki wa bendi hizo mbili walikuwa hawanunuliani hata kahawa. Nimekulia katika nyumba ambayo redio ilizimwa wakati wa adhana tu. Yupo mwimbaji mmoja wa dansi, ambaye sitamtaja jina kwa sababu sina nia ya kumchafua, aliyenisindikiza kwa sauti yake tangu nikiwa kidato cha pili. Wimbo wake ndio uliopigwa siku niliyooa, na kaseti yake ninayo mpaka leo ingawa sina tena redio ya kuichezea.

Mwezi huo wa Machi nilikuwa narudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, basi likasimama Chalinze ili abiria tupate chakula, nikamwona ameketi pembeni pamoja na kijana mmoja. Nikamsogelea, nikamwamkia, nikamweleza kwa maneno machache kwamba nyimbo zake zimenilea. Hakuinua macho. Kijana yule ndiye aliyenijibu: "Mzee amechoka." Hilo nililimeza bila shida, maana mtu huchoka, na mimi sikuwa na miadi naye. Lakini kabla sijaifikia meza yangu nilimsikia akimfokea mhudumu, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, eti supu imepoa, na maneno aliyoyatumia siwezi kuyaandika mahali wanaposoma watu wenye heshima zao. Kilichonishtua zaidi ni kwamba sauti ilikuwa ileile. Nadhani nilitarajia, kwa ujinga, kwamba sauti inayoimba kuhusu kumstahi mwanamke isingeweza kutoa maneno yale.

Tangu siku hiyo wimbo ule ukianza redioni nahamisha stesheni. Mke wangu ananicheka. Sasa nauliza: je, mwimbaji ana deni lolote kwa msikilizaji wake akishashuka jukwaani? Na ikiwa hana, kwa nini mimi najiona kama mtu aliyedhulumiwa?

Besi ya Kinondoni

Ndugu Msikilizaji, mimi nilishika gitaa la besi kwa miaka 19 katika bendi mbili za Dar es Salaam, kwa hiyo nitazungumza kutoka upande wa pili wa spika.

Nianze na lile la "Mzee amechoka", kwa sababu huenda lilikuwa kweli tupu. Onyesho la dansi huanza saa tatu usiku na kumalizika saa tisa au saa kumi, na mwimbaji anaposhuka jukwaani huwa hajamaliza kazi, bali anaanza kazi ya pili ambayo hailipwi. Mmoja anataka kumnunulia bia, mwingine anadai jina lake lilitajwa vibaya, wa tatu anakumbusha mchango wa msiba, na wa nne amekuja na mke wake ili amwonyeshe kwamba anafahamiana na wanamuziki. Ukifanya hivyo mara nne kwa wiki kwa miaka 30, unajifunza kutoinua macho. Hilo silisifu, nalieleza tu.

Enzi zetu, hata hivyo, umbali kati ya jukwaa na mtaa ulikuwa mfupi sana. Bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika kuwa Juwata, kisha OTTU, hadi ikaitwa Msondo Ngoma. Mlimani Park, ambayo ilianza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, yaani DDC, na Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, achilia mbali bendi za polisi na za majeshi. Maana yake ni kwamba sisi tulikuwa waajiriwa wenye mshahara, wenye mabosi, na wenye kuandikiwa barua za onyo kama karani yeyote. Vyombo havikuwa vyetu. Ukimtukana shabiki Jumamosi, Jumatatu mjomba wake aliyekuwa ofisini alikwishapata habari, na ukifukuzwa hutoki hata na waya wa gitaa. Asubuhi ulipanda basi lilelile alilopanda shabiki wako, ukasimama naye, mkabanana.

Kwa hiyo mashabiki wa wakati ule hawakutupima sana kwa salamu, kwa sababu salamu zilikuwepo kila siku. Walitupima kwa uaminifu kwa bendi. Mwaka 1985, pale mfanyabiashara Hugo Kisima alipowachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park, akiwamo Muhiddin Maalim na Hassani Bitchuka, ili kuiunda upya Safari Sound, wapo watu wazima waliolizungumzia jambo hilo kwa uchungu kana kwamba wameachwa na wake zao. Mwanamuziki angeweza kulewa, angeweza kukopa asilipe, lakini kuhama bendi lilikuwa jambo la kuhojiwa hadi kwenye daladala.

Tena wapo waliojenga jina la pili kwa kuishi na watu tu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu huko Kongo, lakini nenda leo Sinza, uteremke kituoni, uulize mahali panaitwaje: kwa Remmy. Utunzi pekee haukuzi kituo cha basi.

Sasa nirudi kwenye supu. Hapo sitamtetea mwenzangu. Niliwahi kufanya kazi chini ya kiongozi wa bendi ambaye alinikata posho ya mwezi mzima kwa kuchelewa mazoezi siku niliyompeleka mtoto hospitali. Usiku huohuo aliimba wimbo wa upendo wa wazazi kwa watoto, ukumbi mzima ukafuta machozi, na mimi nikampigia besi, na nakiri kwamba niliipiga vizuri. Mashabiki walimjua kama mtu mpole kuliko wote, kwa sababu aliwasalimia mmoja mmoja mlangoni. Ukitaka kumjua mwanamuziki, usimwangalie anavyomtendea mwenye tiketi mkononi, mwangalie anavyomtendea anayebeba spika.

Fundi Bomba 254

Mimi kazi yangu ni mabomba, na katika miaka yote hii hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama mimi ni mtu mwema. Wanauliza kama bomba bado linavuja. Sioni kwa nini mwimbaji apewe mtihani ambao sisi wengine hatufanyi. Kama wimbo hauvuji, sikiliza.

Msomaji wa South B

Fundi, kwa heshima zote, mfano wako unavuja. Mafundi wa bomba hupimwa kila siku: aliyemtusi msaidizi wa nyumbani harudishwi tena hata kama bomba limekaa sawa, na majirani wote huambiwa kabla ya jioni. Tofauti iliyopo ni kwamba mwimbaji huingia nyumbani kwetu bila kupitia mlangoni, kwa hiyo hatuna mahali pa kumzuia.

Mzee wa Besi amenirahisishia kazi kwa kusema tuwaangalie walio chini ya msanii, kwa sababu sisi Nairobi tulipewa somo hilo hadharani. Mwezi wa Julai mwaka 2016, Koffi Olomide, mwimbaji nyota wa Kongo, alitua katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akiwa amealikwa kwa tamasha, na kamera zilizokuja kumpokea zikamnasa akimpiga teke mmoja wa wanenguaji wake mwenyewe. Hakuwa gizani wala hotelini, alikuwa mbele ya waandishi wa habari, na askari walikuwa karibu. Video ile ilizunguka nchi nzima kabla hajafika mjini. Alikamatwa, akalala rumande, na siku iliyofuata akarudishwa kwao, tamasha likafutwa. Kinshasa nako alikamatwa akakaa ndani siku chache. Mwanzoni alikana kwamba alimdhuru mtu, kisha akaomba radhi kwenye televisheni.

Ninachotaka tukitazame si kitendo chenyewe, ambacho kila mwenye macho alikiona, bali namna sisi mashabiki tulivyokipokea. Wiki ya kwanza tuligawanyika mafungu. Wapo waliosema asikanyage tena Kenya, na nilikuwa mmoja wao. Wapo waliosema hayo ni mambo ya ndani ya bendi, kama vile bendi ni ndoa na ndoa ni pango lisiloingiwa na sheria. Wapo pia, na hawa ndio walioniumiza kuliko wote, waliomlaumu yule mnenguaji kwa kumwudhi bosi wake. Nilikuwa na mjomba aliyekuwa na mkusanyiko wa kanda zote za Quartier Latin, bendi ya Koffi, mtu mpole asiyeinua hata mkono kufukuza kuku, naye alinijibu kwamba "wasanii wakubwa wako hivyo." Sentensi hiyo sijaielewa mpaka leo. Ukubwa unahusiana vipi na mguu?

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2012 mahakama ya Kinshasa ilikuwa imempa kifungo cha nje cha miezi mitatu kwa kumpiga mtayarishaji wake wa muziki. Baadaye, Desemba 2021, mahakama ya rufaa ya Versailles huko Ufaransa ilimwondolea mashtaka ya kuwadhulumu kingono wanenguaji wake wa zamani, lakini ikamtia hatiani kwa kuwazuilia wasitoke, ikampa kifungo cha nje cha miezi 18. Nayataja yote mawili, la kuondolewa na la kutiwa hatiani, kwa sababu tusipende kuhukumu kuliko mahakimu.

Katikati ya tarehe hizo mbili, Novemba 2020, ulitoka wimbo wake na Diamond Platnumz, "Waah!", na harusi za Nairobi zikaupiga hadi asubuhi, nami nilikuwepo, na nilicheza ubeti mzima kabla sijakumbuka. Miaka minne ilitosha. Sijui kama huo ni msamaha au ni usahaulifu tu, lakini najua kwamba hakuna aliyemuuliza yule mnenguaji.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Morogoro, kwangu mambo ni mawili tofauti. Kutokukusalimu ni kukosa adabu, na adabu si sheria. Kumfokea mhudumu asiyeweza kujibu ni ukoo mmoja na lile teke, ingawa si sawa kwa uzito.

Mtu wa Bukavu (Brussels)

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani wa Bukavu ninayeishi Ubelgiji, na ninyi mmetaja mzigo wetu, kwa hiyo ruhusuni mwenye mzigo aseme.

Dada wa Nairobi amesema ukweli, nami sina la kupunguza. Lakini kwetu swali la mwenendo wa mwanamuziki lina milango mingi zaidi ya huo mmoja. Chukueni mfano wa Papa Wemba, mwimbaji wetu wa Kinshasa. Mwaka 2003 alikamatwa Ufaransa kwa tuhuma za kuwaingiza watu Ulaya wakijifanya ni wanamuziki wa bendi yake, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani. Kwa gazeti la Paris hiyo ilikuwa habari ya jinai. Kwa vijana wengi wa Kinshasa wa wakati ule ilikuwa habari ya mtu aliyefungua dirisha, na niliwasikia kwa masikio yangu wakisema kwamba serikali haijawahi kumpeleka Ulaya hata mtoto mmoja wa maskini. Alipoanguka jukwaani Abidjan, Aprili 2016, akafariki, sikumsikia mtu hata mmoja katika matanga ya huku akilitaja lile la mahakama isipokuwa kwa tabasamu. Kitendo kimoja, watazamaji wawili, na kila mmoja aliona kile alichokuwa akikihitaji.

Franco, gwiji wetu mwingine wa muziki, naye alifungwa mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Mwaka 1987 huyohuyo aliimba kuwaonya watu kuhusu ukimwi kwa sauti ya baba wa taifa, na alipokufa Oktoba 1989 nchi ilitangaza maombolezo ya siku nne. Wazee wetu hawakuona mgongano wowote hapo, na nikimuuliza baba yangu hukasirika kama nimemuuliza kwa nini mto una kina mahali pamoja na mchanga mahali pengine.

Kuna tabia ambayo sisi hatuisamehi kirahisi, nayo ni kuimba kwa ajili ya wenye mamlaka. Mnajua kwamba katika nyimbo za Kongo majina ya watu hutajwa katikati ya seben, yaani pale magitaa yanapochangamka watu wacheze. Huko kwetu kunaitwa kutupa libanga, yaani jiwe, na mara nyingi anayetajwa amelipa. Mfanyabiashara akilipa atajwe, tunacheka. Lakini waliotajwa walipokuwa wakuu wa serikali, na wanamuziki walipopanda majukwaa ya kampeni, Wakongomani wengi wa ughaibuni waliojiita Combattants waliamua kwamba hakuna mwanamuziki wa Kinshasa atakayeimba tena Paris wala Brussels. Hilo lilidumu miaka. Tikiti ziliuzwa na maonyesho yakafutwa kwa hofu ya fujo. Fally Ipupa alipofanikiwa kuimba katika ukumbi mkubwa wa Bercy, Paris, tarehe 28 Februari 2020, nje kulikuwa na moto karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon, pikipiki zikiungua na moshi ukionekana mbali, na ndani watu walikuwa wakicheza.

Nilikuwa na tiketi ya usiku ule. Sikwenda. Shemeji yangu alikwenda, na mpaka leo tukikutana kwenye sikukuu hatulizungumzi. Nawaambia haya ili mjue kwamba Ndugu Msikilizaji kuhamisha stesheni kwa sababu ya supu si jambo la ajabu hata kidogo; sisi tumegawana familia kwa sababu ya jina lililotajwa katika wimbo.

Ng'ambo Kwetu (Unguja)

Assalaam alaykum. Nimesoma yote kwa utulivu, na nimeona kwamba mpaka hapa wote waliotajwa ni wanaume, na karibu wote wamesamehewa. Naomba nitie neno.

Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na kuuza vyungu kabla ya kuimba, na ambaye mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, alipopata jina hakuulizwa kama anaimba vizuri, maana hilo lilikwisha kuonekana. Aliulizwa alikuja mjini amevaa nini. Wapinzani wake walimtungia maneno ya kwamba ameingia na kaniki, nguo nyeusi ya watu wa chini, hana uzuri, si mtu wa kuhesabiwa. Huko ndiko kupimwa kwa msanii nje ya jukwaa kwa namna ya kwetu, na kulianza siku ya kwanza ya nyota yetu ya kwanza. Alijibu kwa wimbo, na jibu lake limedumu kuliko matusi yenyewe, lakini alilazimika kujibu.

Kisha Bi Kidude, mwimbaji wetu mkongwe wa taarabu na unyago, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alivuta sigara mbele za watu, alikunywa, alipiga ngoma amejifunga kiunoni, alisema alilotaka kwa yeyote. Wageni waliokuja kwenye tamasha la Sauti za Busara walimpenda kwa hayo kuliko walivyozipenda nyimbo ambazo hawakuzielewa, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya heshima ya WOMEX, mkutano wa kimataifa wa muziki. Sisi wa hapa tulikuwa na hali ngumu zaidi. Bibi yangu, aliyechezwa unyago na kungwi wa rika lake Bi Kidude, alikuwa akimsikiliza huku akitikisa kichwa, na sikuweza kamwe kujua kama kile kichwa kinakataa au kinafuata ngoma. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013 mji mzima ulimlilia. Lakini tusijidanganye: tulimvumilia kwa sababu alikuwa mkongwe. Lau angekuwa na miaka 25 na kuvuta sigara ileile barazani, asingepewa tuzo, angepewa talaka na mawaidha.

Angalieni upande wa Bara. Ray C, mwimbaji wa Bongo Fleva, aliposema mwenyewe hadharani kwamba madawa ya kulevya yamemteka, na mwaka 2012 akamshukuru Rais Kikwete kwa kumsaidia kupata tiba, wapo waliomwombea, na wapo waliomfanya kibonzo, wakilinganisha picha za zamani na za sasa kama vile ugonjwa ni mashindano ya urembo. Sijaona mtu akilinganisha picha za wanaume wa dansi waliomalizwa na pombe. Wao huitwa "magwiji waliokuwa na mambo yao."

Ndugu Msikilizaji, sikulaumu. Nakuuliza tu kitu kimoja ujijibu mwenyewe: kama angekuwa mwimbaji mwanamke aliyekataa kuinua macho, ungelimeza lile la "amechoka" kwa wepesi uleule, au ungesema anaringa?

Zamu ya Usiku

Mimi hutangaza redioni usiku, na nitaongeza dogo ambalo naona linasahauliwa na wapenzi wa dansi. Kwa wasanii wa kizazi kipya maneno "nje ya jukwaa" hayana tena maana, kwa sababu simu ndiyo jukwaa. Aprili 2018 Diamond Platnumz aliitwa na polisi, na suala likafika bungeni, si kwa wimbo wala kwa onyesho, bali kwa video ya faragha aliyoiweka Instagram yeye mwenyewe. Desemba ya mwaka huohuo BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ilimfungia yeye na Rayvanny kufanya maonyesho kwa kuimba jukwaani wimbo uliokwisha kupigwa marufuku. Hilo la pili ni la jukwaa, la kwanza ni la chumbani, lakini jaribuni kumuuliza shabiki leo lipi lilikuwa lipi.

Zaidi ya hapo, mengi tunayoyaita tabia ni kiki, yaani vituko vya kutafuta kuzungumzwa. Mtu anagombana na mpenzi wake Jumatatu, Jumatano wanatupiana vijembe mtandaoni, Ijumaa wimbo unatoka, na wimbo unazungumzia ugomvi. Sisi redioni tunajua, meneja anajua, na nathubutu kusema shabiki naye anajua, ila anapenda kushiriki, kama anavyojua mwamuzi hasikii lakini anampigia kelele. Ndiyo maana timu hizi za mashabiki, huyu wa Ali Kiba na yule wa Diamond, hazibadilishwi na habari yoyote. Tabia mbaya ya msanii wako ni uzushi, na tabia nzuri ya mwingine ni maigizo.

Kwa hiyo namwonea wivu Ndugu Msikilizaji. Yeye aliona kitu kilichotokea bila kamera. Hata kama kilikuwa kibaya, kilikuwa cha kweli.

Fundi Bomba 254

Dada wa South B, nimekubali kwamba umenibana. Ila bado nasema kwamba wimbo wa harusi ya mtu usiachwe kwa sababu ya supu. Harusi ilikuwa yake, si ya mwimbaji.

Msikilizaji wa Moro (mwenye swali)

Nawashukuru nyote, na nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa safarini tena.

Dada wa Ng'ambo, nimejiuliza swali lako kwa siku tatu, na jibu langu silipendi. Ningesema anaringa. Nakumbuka hata mwimbaji mmoja wa taarabu ambaye niliwahi kumsema hivyo kwa sababu tu alipita mlango wa nyuma baada ya onyesho, na wala sikujiuliza mlango wa mbele ulikuwa na watu gani wakimsubiri.

Mzee wa Besi, shikamoo. Lile la kuipiga vizuri nimelisoma mara nyingi. Nadhani nililokuwa nikililia si ule wimbo kuharibika. Ni kwamba haukuharibika. Ningeona nafuu kama ungesikika vibaya.

Sasa niwaambie lililotokea. Juzi basi lilisimama tena Chalinze, mahali palepale, na binti yule alikuwepo. Nikamwomba supu, kisha nikamuuliza kama anamkumbuka mzee aliyemfokea mwezi wa Machi, nikamweleza alivyovaa na alikokaa. Alinitazama kwa muda. Akasema wanaofoka kwa ajili ya supu ni wengi, kila basi halikosi wawili, yeye hawezi kuwaweka wote kichwani. Nikamwambia yule alikuwa mwimbaji maarufu. Akauliza, nani? Nikamtajia, jina halikumwambia kitu. Basi, kwa aibu kubwa na abiria wakinitazama, nikamwimbia mistari miwili.

"Ah, huo," akasema. "Huo mama yangu anaupenda sana. Anaufulia nguo." Akaniuliza kama ninao kwenye simu, kwa sababu ule alionao mama yake umekatika mwishoni.

Sikuwa nao, nilikuwa nimeufuta mwezi wa Aprili. Akaniandikia namba ya mama yake nyuma ya risiti ya supu, basi likapiga honi, nami tangu jana namsumbua mwanangu anitafutie wimbo mzima.